Kwa Mutinda, Anayetaka Kuvuka Athi Bila Inhela

Mutinda, mwanangu,

Usicheke hapo mwanzo. Ukitaka kucheka, cheka ukimaliza. Najua una miaka ishirini na miwili na mimi nina kumi na saba, na najua wewe ndiye ulinifundisha kufunga kamba za viatu. Lakini nilipewa jina la Susu, yaani bibi yangu, aliyekuzaa wewe na kaka yako, baba yangu, na tangu nizaliwe wewe na baba mmeniita Mwaitu, yaani mama yangu, na hapa kwetu hakuna anayeshangaa. Susu hayuko. Alikufa ukiwa darasa la nne. Kwa hivyo barua ambayo mama huandikia mtoto anayeondoka nyumbani, wa kuiandika ni mimi.

Leo mchana mlinipa nafasi ya kusema kwa mdomo. Baba aliinua kikombe cha chai mbele ya wageni wote akasema, "Haya, kijana ni wa huyu. Mwaitu, simama umpe mtoto wako neno." Shangazi akaongeza, "Simama haraka, wali unapoa." Mwingine akasema mama mtu ana aibu kuliko bibi arusi. Hao mashangazi nao ni watoto wangu kwa hesabu hiyo hiyo ya jina, lakini wao hawajawahi kunitii. Nikasimama. Nikasema "safari njema," nikashika sinia, nikaingia jikoni, nikawasikia mkicheka. Sauti yako ndiyo ilisema, "Mwachieni mamangu." Asante kwa hilo.

Nilitaka kusema jambo moja tu. Umeacha inhela.

Iko dirishani mwa chumba chako, nyuma ya pazia, ile ya bluu unayovuta pumu ikikushika. Niliiona nilipoingia kukukunjia shuka. Begi limefungwa, Biblia umeiweka mfuko wa juu, na inhela iko dirishani. Hukuisahau. Mtu hafichi nyuma ya pazia kitu alichosahau.

Nimeandika kwa Kiswahili makusudi. Kikamba chetu ni cha kuongea, na nikianza kuongea na wewe kwa Kikamba tutaanza kutaniana kama kawaida na sitafika popote. Kiingereza nacho kingenifanya niandike kama mtahiniwa, utangulizi na hitimisho. Kiswahili kiko katikati. Hakiijui sana nyumba yetu, kwa hivyo kinaniachia nafasi.

Mambo ya kila siku nayaruka. Kuchemsha maji umeambiwa. Kukung'uta viatu asubuhi kwa sababu ya nge umeambiwa mpaka ukamjibu shangazi kwamba hao nge nao wataokoka mkifika. Neti unayo. Mwaka mzima ng'ambo ya mto Athi, kule chini Kitui, kwa watu wanaochoma makaa, utajifunza mengine mwenyewe. Mimi nina mambo machache ninayoyajua kwa sababu niliyakosea, na mengi yanahusu kunyamaza.

La kwanza ni la zamani. Ile siku ya kupura kunde, mimi nikiwa na miaka tisa hivi. Baba alikuwa upande wa pili wa nyumba anatengeneza jembe. Wewe ulikuwa unapiga maganda kwa fimbo na vumbi lilikuwa limesimama hewani. Ukaacha kupiga. Ukainama, ukashika magoti. Nilisikia kifua chako kinapiga filimbi, halafu filimbi ikaacha, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Midomo yako ilikuwa na rangi ya majivu. Uliniangalia. Nilikuwa karibu na wewe kama vile mtu na mtu wanavyokaa benchi moja kanisani, na sikuita mtu. Sijui kwa nini. Sikuwa nimeogopa kwa namna ya kulia. Nilisimama tu nikisubiri mtu mwingine aone. Mwishowe ulipiga teke ule mtungi mtupu wa maji, ukabingirika mpaka ukutani, na baba akaja akiuliza ni mbuzi gani huyo. Alikubeba mpaka barabarani. Ulirudi baada ya siku mbili na inhela ya kwanza, na ukanionyesha vile inavyofanya kazi kana kwamba umeletewa redio.

Hukuwahi kuniuliza kwa nini sikuita. Nimekaa nikijua kwamba hujawahi kuuliza.

La pili unalijua nusu. Desemba iliyopita, ile misheni ya vijana, tulienda pamoja likizo karibu yote. Mvua ilikuwa imenyesha kule, maji yamesimama kila mahali hata kwenye nyayo za ng'ombe. Jioni ya kwanza, pale shuleni tulipolala, Ndunge aliyekuwa kiongozi wa wasichana aliuliza nani hana neti. Wale walioinua mikono waliangaliwa na watu wote, na mmoja akaambiwa, "Kwani wewe ulikuja pikiniki?" Mkono wangu ukakaa pale ulipokuwa. Nililala bila neti wiki zote zile kwa sababu sikutaka kuangaliwa. Ukiandika hivyo kwenye karatasi linaonekana jambo la mtu mjinga, na ndivyo lilivyokuwa.

Sasa nusu usiyoijua. Siku zile za kufunga na kuomba, kichwa kilianza kuniuma. Kesho yake mchana, ndani ya lile darasa la mabati, kila mtu anatokwa jasho, mimi nikaanza kusikia baridi. Nikatetemeka. Meno yaligongana hadi nikashindwa kuyafunga. Ndunge akapaza sauti, "Anaguswa! Kalondu anaguswa! Mwacheni, msimshike, Bwana anamshughulikia!" Wakanizunguka. Wengine walilia kwa furaha. "Zaidi, Bwana! Zaidi!" Na mimi nikazidi kutetemeka, na wao wakazidi kushangilia.

Wewe ulidhani nilikuwa nimechanganyikiwa na homa. Watu wote walidhani hivyo baadaye, na niliwaacha wadhani. Ukweli ni kwamba nilijua. Niliijua malaria, nilishaugua nikiwa mdogo. Lakini sikuwa nimewahi kusimama katikati ya watu wakanifurahia. Mimi ni yule ambaye mwalimu anaandika kwenye ripoti "ajaribu kujieleza". Pale sikuhitaji kujieleza. Mwili ulikuwa unanisemea, na walikuwa wanausikia wanavyotaka, na sikuwakatiza. Siku iliyofuata walinipa niongoze wimbo. Niliongoza wimbo, Mutinda, mimi, na magoti yanagongana, na nilikuwa na furaha.

Nakwambia hili kwa sababu utakuwa kule mwaka mzima, na utakutana nalo. Hakuna atakayekulazimisha uugue kimya. Watakufurahia tu ukiugua kimya. Watasema, "Ndugu ana imani," na itakuwa tamu sana masikioni, na hutaiona hatari yake kwa sababu haina sura ya hatari.

Siku ya nne nikaanguka. Ulikuwa upande wa wavulana. Ulivuka katikati ya maombi, ukaweka mgongo wa mkono wako shingoni mwangu, ukasema, "Mwaitu, hii ni homa."

Ndunge akasema, "Ndugu Mutinda, usizime Roho."

"Dada, Roho hachomi hivi. Mtoto anaungua."

"Tunaomba. Mbona huwezi kungoja amina?"

"Nitangoja tukiwa kwa pikipiki."

Kuna mtu nyuma alisema, "Tomaso huyo," na wengine wakacheka, si kwa ubaya sana. Ulinifunga kwako kwa leso kama mtoto, nikakaa kati yako na mwenye boda. Nakumbuka njia ilikuwa imekauka upande wa juu na vumbi la magari ya makaa lilikuwa halishuki. Ulisimamisha pikipiki mara mbili ili uvute inhela. Ulivuta hapo hapo barabarani, mwenye boda akiangalia, ukaikung'uta, ukairudisha mfukoni. Wakati huo ulikuwa hujaanza kujificha.

Dispensari walinitoboa kidole. Muuguzi aliniuliza homa ilianza lini, nikamwambia jana. Hata hapo. Alikuangalia wewe, ukasema, "Mwongezee siku tatu, huyu haongei ukweli wa mwili wake." Baadaye nilisikia akikwambia kwamba tungechelewa kidogo tu ningekuwa mgonjwa wa namna nyingine. Sikuuliza namna gani.

Tuliporudi nyumbani Mbumbuni jina lilikuwa limetutangulia. Tomaso. Hata wavulana wa kwaya, hata yule wa kuuza miwa karibu na kanisa. "Tomaso, leo umeshika alama za misumari?" Ulikuwa unacheka nao. Nilikuona ukicheka nao, na nilijua unacheka vile mtu hucheka akikanyagwa mguu na mgeni.

Halafu kanisa likatangaza linatafuta vijana wa kwenda mwaka mzima. Ulikuwa umeingojea hiyo tangu umalize shule. Nilikuwepo siku mlipohojiwa, tulikuwa tumeruhusiwa kukaa nyuma. Mzee mmoja alikuuliza, kwa upole kabisa, "Ndugu, imani yako ikoje? Tunasikia wewe ni mwepesi wa kukimbilia dispensari." Watu wakatabasamu. Ukainamisha kichwa.

Hapo ndipo ningesimama. Kilichohitajika kilikuwa kifupi: alikuwa na haki, nilikuwa mgonjwa, nilijua na nikajifanya. Lilikuwa jambo la kusema kwa pumzi moja. Nilikuwa nimekaa benchi ya nyuma na mikono yangu iko chini ya mapaja, na nikasubiri mtu mwingine aone, kama ile siku ya kunde.

Jumapili iliyofuata ulitoka mbele. Ulisema ulikuwa na pumu tangu utotoni na kwamba Bwana amekuponya, na ukaiweka inhela juu ya meza, pale ambapo wakati fulani mzee fulani aliacha fimbo yake ya kutembelea akisema miguu imepona. Kanisa lilisimama. Ndunge alilia. Baba hakujua aangalie wapi, lakini alipiga makofi. Mimi pia nilipiga makofi. Ile inhela ilikuwa imeisha dawa, niliitambua kwa ule ufa wa kwenye kifuniko. Nyingine mpya ilikuwa nyumbani. Juma hilo ukachaguliwa.

Sikulaumu kwa ule ushuhuda. Labda siku ile ulikuwa unapumua vizuri kweli na ukaamini itabaki hivyo. Sijui mambo yako na Mungu. Ninachojua ni kwamba tangu hapo nakusikia nyuma ya jikoni. Unasema unaenda kuangalia kuku, halafu nasikia ile sauti, psss, na kimya, na psss tena. Baba anadhani una tumbo la kuendesha. Alikuwa anataka kukununulia dawa ya minyoo.

Juma lililopita nilikuuliza pale kwa tangi. Nadhani ni swali refu zaidi nililowahi kukuuliza.

"Utaibeba?"

"Nitaibebaje, Mwaitu? Tunalala chumba kimoja watu sita. Kile kitu kina sauti."

"Si utoke nje?"

"Kila mara? Watasema nimeanza sigara."

Tukacheka. Halafu ukasema, bila kucheka, "Nilishuhudia. Nikionekana nayo, hawataniita mwongo mimi peke yangu. Kuna watu waliacha dawa zao siku ile kwa sababu yangu. Yule mama wa presha aliniambia mwenyewe, ananishukuru."

"Na ikikushika kule?"

"Nitaomba."

Ukachukua mitungi ukaenda. Nilibaki pale na bomba likimwagika mpaka baba akapiga kelele.

Nimefikiria sana juu ya huyo mama wa presha. Sijui la kusema kumhusu, ila nadhani yeye ndiye anayekufanya usilale, si Ndunge wala lile jina la Tomaso. Ukiwa na inhela mfukoni, itabidi siku moja mtu amwambie. Mimi naweza kwenda nawe, ukirudi likizo. Ama naweza kwenda peke yangu. Tayari leo nimejifunza kwamba mtu akisimama kwenye lango la watu muda mrefu, mwishowe anaongea. Nitafika hapo.

Kabla sijafika, nikuambie mambo mengine mawili ya ile Desemba, kwa sababu wewe utakuwa na watu wadogo kuliko wewe kwenye timu.

Kuna siku mwanamume mmoja alikuja akaomba mtu wa kwenda kumwombea nyumbani, mke wake ni mgonjwa. Wengine walikuwa wanapika. Nikatumwa mimi, haraka haraka, "Kalondu nenda, ni hapo tu." Hapo tu palikuwa mbali. Nyumba haikuwa na mke. Alisema ametoka kidogo, karibu ndani ungojee. Nilisimama mlangoni. Hakuna kilichotokea, Mutinda, nataka ulisome hilo mara mbili. Alikuja jirani kuomba chumvi na nikarudi naye. Lakini kwa ule muda wote niliosimama, sikuwa nafikiria kukimbia. Nilikuwa nafikiria kwamba nikikataa kuingia nitaonekana sina upendo. Wanatufundisha kwamba mtumishi hachagui nyumba. Basi wewe ukiwa kule, mchagulie. Usimtume msichana wala mvulana peke yake kwa mtu mliyemjua juzi, hata mkiwa na sufuria motoni. Wali ukiungua mtaula hivyo hivyo.

La pili ni lile lori. Tulipokuwa tunarudi tulipewa lifti juu ya magunia ya makaa, tukaimba njia yote hadi karibu na mto, na kwenye ile kona mvulana mmoja wa kwaya aliteleza akashikwa mkanda na wenzake. Tulishukuru Mungu kwa sauti kubwa sana. Dereva hakuambiwa hata apunguze mwendo. Sasa nikikumbuka naona tulikuwa tunashukuru ili tusiseme kwamba hatukupaswa kuwa pale juu. Na wewe ulikuwa umejifunika uso kwa shati kwa sababu ya vumbi la makaa, ukitoa mkono tu kushika kamba.

Huko ndiko unakoenda. Moshi wa makaa asubuhi na jioni. Dispensari kule, wewe mwenyewe uliniambia, wakati mwingine iko wazi na wakati mwingine muuguzi ameenda mjini kuchukua dawa. Nimekuona kifua kikikushika hapa, na barabara ya Emali iko karibu na baba ana mgongo wa kukubeba. Nimejaribu kukuwaza kikikushika kule, kwenye chumba cha watu sita wanaoamini umepona. Watafanya nini? Watakuzunguka. Watasema "zaidi, Bwana". Hawatakuwa watu wabaya. Na hakutakuwa na mtungi wa kupiga teke.

Sasa lango.

Wageni walipoondoka leo nilimwambia baba naenda kurudisha sinia za jirani. Nilirudisha, halafu nikaendelea hadi kwa Mwalimu Kilonzo. Ndiyo, yeye, mkuu wa safari yenu. Alikuwa nje anapepeta ndengu. Mbwa alibweka mpaka akachoka, mimi nikiwa bado nimesimama.

"Kalondu," akasema bila kuinua kichwa, "umekuja kusimama ama umekuja kusema?"

Nikasema, "Mutinda bado anavuta dawa."

Ungo ukasimama. "Dawa gani?"

"Ya kifua. Anaiacha nyumbani kesho. Kule kuna moshi."

Ndengu chache zilianguka chini na kuku wakaja. "Na ule ushuhuda?"

"Mimi sijui, Mwalimu. Mimi najua tu anavuta. Namsikia."

"Amekutuma?"

"Hapana. Akijua atanikasirikia."

Hapo akaniangalia vizuri. "Wewe ni nani yake, vile? Ni binti wa kaka yake, si ndiyo?"

Nikasema, "Mimi ni mamake."

Ni mara ya kwanza nimelisema mimi mwenyewe. Siku zote ni nyinyi huniita, mimi nikiangalia chini. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Aliweka ungo juu ya kiti, akafuta mikono kwa suruali, kama mtu aliyetembelewa na mtu mzima.

"Basi, mama Mutinda," akasema, "ushuhuda wake ni wake na Mungu, mimi si karani wao. Kazi yangu ni kuhesabu watu wakipanda gari na kuhesabu wale wale wakishuka. Kesho nitamvuta kando kabla hatujapanda, nimuulize mara moja. Akiniambia bado anavuta, ataenda nayo mfukoni, na nitamweka chumba kimoja na mtu anayejua. Akiniambia ameponywa, atabaki. Mtu akinidanganya juu ya pumzi yake mwenyewe, nitamwamini juu ya nini kule?"

Nikasema ndiyo, Mwalimu.

"Na usimwambie. Nataka jibu lake, sitaki lako."

Nikasema ndiyo tena. Akanifungia ndengu kwenye karatasi, eti mama mtu haondoki mikono mitupu. Ziko kabatini, karibu na chumvi.

Kwa hivyo nimemwambia Mwalimu siri yako, na sasa nimekwambia wewe siri ya Mwalimu. Siku nzima nimekuwa mtu wa kusema mambo, sijui kesho nitakuwa nani. Nilifikiria nimtii, nikuache ukutane na swali bila kujiandaa. Lakini nakujua. Ukishtukizwa mbele ya gari, na wenzako wamekaa ndani wanaangalia kwa madirisha, utatabasamu na kusema "Bwana ni mwema", na hilo kwa Mwalimu litakuwa jibu. Mimi nimeishi maisha yangu yote ndani ya hiyo sekunde ya kushtukizwa, najua vile mtu hutoa jibu rahisi. Ndiyo maana nimekuvujishia mtihani. Una usiku wa leo wa kulala na swali.

Unaweza kunikasirikia. Najua ulitaka kuondoka nyumbani kama mtu aliyeponywa, si kama mtu aliyeshtakiwa na mtoto wa kaka yake. Ukinikasirikia, fanya hivyo kimya kimya, usinigombeze mbele ya watu, unajua sitaweza kujibu. Ukinikasirikia mwaka mzima pia nitaelewa. Nitakuwa hapa.

Kuna sehemu moja imenichukua muda kuandika, nimeifuta mara mbili. Ukisema umeponywa, Mwalimu atakuacha kando ya barabara na begi lako, na tutarudi nyumbani pamoja, na wewe ukichimba mashimo ya miembe na baba, na mimi nikikusikia nyuma ya jikoni, salama. Kuna upande wangu unaoomba iwe hivyo. Nilikaa na huo upande tangu jua kuzama. Si upande mzuri. Ni ule unaosimama ukisubiri, na hausemi kitu.

Nataka uende, Mutinda. Nataka upande hilo gari, uvuke mto, ukae na wale watu na moshi wao, uwe yule mtu aliyevuka katikati ya maombi akasema hii ni homa. Kule wanamhitaji huyo zaidi ya aliyeponywa.

Atakuuliza, "Bado unavuta dawa?" Sema ndiyo, Mwalimu. Ni maneno mawili. Leo nimeyasema mara mbili na sikufa.

Mamako,
Kalondu